Profesa Mmoja, Watu Watatu

Katika duka moja la intaneti hapa Lubumbashi, mzee mwenye suti alikuwa akijipangusa jasho mbele ya ekrani ya kompyuta. Ni profesa, maisha yake yote anapima mitetemeko ya ardhi. Kabla ya saa sita alipaswa kuonyesha wakubwa wake ni mara ngapi wataalamu wa dunia wametaja maandishi yake, ndipo apandishwe cheo.

"Mama, angalia," alimwambia mwenye duka. "Banasema niko bantu batatu."

Kweli. Sisi hapa hubeba majina matatu: la baba, la babu, na la ubatizo. Huko ng'ambo kila jarida lililochapisha kazi yake lilijichagulia moja, na sifa za profesa zikagawanywa kama urithi wa ndugu wasiosalimiana.

"Tutabaunganisha, Prof. Lakini machine inatakaka jina moja tu."

Profesa akanyoosha kidole achague, akakirudisha. "Miaka yote napima namna udongo inatetemeka. Leo ni mukono yangu."

Akampigia simu mama yake aliyeko Pweto. Sauti ya mama ilijaza duka zima.

"Mama, nibakishe jina gani? Ya batême?"

"Kumbe padri ndiye alikuzala?"

"Basi ya tata, ule baba alinizala."

"Na kambo yako, baba ya tata, unamutupa wapi?"

Mama akakata simu. Saa sita ilikaribia, na wasomi wa dunia nzima hawakuweza kumsaidia mtu aliyeulizwa na mama yake.

Mimi niliyekuwa kwenye kompyuta ya jirani nilitoka nikiwaacha maprofesa wote watatu wamekaa kwenye kiti kimoja, wakitetemeka.