Kakenya, siku tisa na jina asiloweza kulitamka

Saa moja kasoro asubuhi, mjini Karatu. Isaya Supeet amepiga goti pembeni ya barabara iendayo Ngorongoro, mkono wake wa kulia umezama ndani ya tairi hadi kwenye kiwiko. Anaupapasa mpira taratibu, macho yakiwa juu angani. Dereva wa gari la watalii anatazama saa yake kwa mara ya tano. Ndani ya gari wageni wanne wamejikunyata kwa baridi, wanataka kushuka kreta kabla jua halijawa kali.

"Huyu hapa," anasema Isaya, na kuchomoa mwiba wa mgunga wenye urefu wa kidole. "Dakika kumi, bosi. Usiwape wageni presha."

Dakika kumi zinatimia kweli na gari linaondoka. Isaya anajifuta mikono kwa tambara, anatoa simu mfukoni na kuichungulia. Hasomi ujumbe. Anaangalia tarehe.

"Zimebaki tisa," anasema.

Siku tisa ndizo zilizobaki kabla ya kumalizika kwa muda uliogongwa kwenye pasipoti ya mkewe, Kakenya, ambaye ni raia wa Kenya kutoka upande wa Narok. Muda huo ulishaongezwa mara moja, na ofisini waliambiwa hautaongezwa tena. Kinachotakiwa sasa ni kibali cha kuishi nchini kama mke wa Mtanzania. Kisipopatikana, Kakenya atavuka mpaka, na pamoja naye binti yao Sinyati, mwenye miezi saba, ambaye bado ananyonya.

Unaweza kudhani tatizo ni karatasi zilizokosekana. Hapana. Karatasi zipo, tena nyingi. Tatizo ni kwamba karatasi hizo zinamtaja Isaya kama watu wawili.

Isaya, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, alizaliwa Arash, tarafa ya Loliondo, katika familia ya wafugaji. Ni Mmaasai anayeziba pancha, na mji wa Karatu haujamaliza kumshangaa. Wapo wateja wanaomuuliza kama ng'ombe wamekwisha huko kwao. Yeye huwajibu kwamba ng'ombe wapo, ila hawatobokitoboki.

Ufundi aliujifunza kwa Clemensi, Mwiraqw mwenye gereji jirani na kijiwe chake, ambaye alimpokea miaka tisa iliyopita, wakati Isaya akiwa mlinzi wa usiku. Siku hizi, msimu wa watalii ukichanganya, Isaya huondoka na shilingi elfu thelathini kwa siku. Msimu wa mvua hutegemea malori ya vitunguu, na kuna siku hurudi nyumbani na vumbi tu.

Kakenya alikutana naye kwenye harusi ya ndugu zao. Koo zao zimekaa pande zote mbili za mpaka, na wazee huzungumzia safari ya kwenda ng'ambo kama sisi wengine tunavyozungumzia kwenda sokoni. "Mimi sikujua naoa mgeni," anasema Isaya. "Tunaongea lugha moja, nyimbo zilezile. Nimekuja kuambiwa ofisini kwamba mke wangu ni mgeni. Nikamwangalia. Nikasema, haya."

Walifunga ndoa kimila, kisha wakabarikiwa kanisani na kupewa cheti. Siku Kakenya alipofikishwa kwenye boma la wakwe zake kule Arash, alisimama mlangoni akakataa kuingia, kama ilivyo desturi ya bibi harusi wa Kimaasai, mpaka aahidiwe mifugo. Baba mkwe akajitokeza akampa ndama. Tangu siku hiyo mkwe na mkaza mwana huitana kwa jina moja, Paashe, jina linalotokana na ndama yule. Jina lake halisi mzee, Kakenya halitamki. Hajawahi, na hategemei kulitamka maisha yake yote. Ndiyo heshima yenyewe.

Sasa fikiria mwanamke huyo amesimama dirishani kliniki na kichanga mgongoni, na muuguzi anamuuliza jina kamili la baba wa mtoto.

"Nikasema Isaya," anasimulia Kakenya, akiwa ameketi kwenye benchi nyuma ya kijiwe cha mumewe, Sinyati akichezea shanga za mkononi mwake. "Akasema, Isaya nani? Baba yake anaitwa nani? Mimi nikasema Paashe. Sikudanganya. Ndiyo jina langu mimi na yeye."

Muuguzi akaandika Isaya Paashe. Miezi kadhaa baadaye, Kakenya alikwenda kwenye duka la Antonia, mama anayechapa barua na kujaza fomu karibu na soko, ili ajaziwe fomu ya kibali. Antonia akauliza jina kamili la mume. Jibu likawa lile lile.

"Mimi naandika ninachoambiwa," anajitetea Antonia. "Nikimuuliza mtu jina la mumewe akanijibu bila hata kufikiri, nimbishie? Ningejuaje habari za ndama?"

Isaya naye hawezi kukwepa lawama, na hakwepi. Fomu ililetwa kijiweni aisaini. "Nilikuwa na tairi la Land Cruiser mapajani, mteja anapiga honi. Nikasaini bila kusoma. Hata alama ya dole gumba yenye grisi ipo pale, sikuitaka."

Kwa hiyo cheti cha ndoa, ambacho maelezo yake yalitolewa na bwana harusi mwenyewe, kinasema Isaya Supeet. Kitambulisho chake cha taifa, vivyo hivyo. Kadi ya mtoto na fomu ya kibali zinasema Isaya Paashe. Ofisa uhamiaji alizipanga zote nne mezani, akazitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mama, huyu Paashe ni nani, na mumeo anamfahamu?"

Kakenya anacheka akilisimulia hilo, lakini anasema siku ile alilia barabara nzima. Isaya hakucheka wala hakulia. "Nilichanganyikiwa. Nilikuwa namfafanulia ofisa kwamba Paashe ni baba yangu, anasema basi kwa nini kwenye kitambulisho baba yako ni Supeet? Nasema ndiye huyohuyo. Anasema una baba wawili? Kuna mahali na mimi nikaanza kujiuliza."

Ofisa hakuwafukuza. Alitaka kitu kimoja: Kakenya, kwa kuwa ndiye aliyetoa maelezo yale, aende kwa wakili ale kiapo kwamba Isaya Paashe na Isaya Supeet ni mtu mmoja, halafu arudi. Kwa mtu mwingine yeyote hiyo ni kazi ya nusu saa. Kakenya aliposikia neno kiapo aliuliza kama atatakiwa kukisema kwa sauti, pamoja na jina la mkwe wake. Akaambiwa ndiyo, kiapo husemwa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama, na hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika.

Clemensi anasema mwanamke avuke mpaka, alale ng'ambo siku mbili, arudi agongewe muhuri mpya. Dereva mmoja amewaambia wasithubutu, maana shemeji yake alifanya hivyo akazuiwa. Mwinjilisti amesema kanisa linaweza kuandika barua, lakini hajui iandikwe kwenda kwa nani. Mjomba wa Isaya amepiga simu kushauri kwamba Kakenya alitaje tu hilo jina kisha alipe faini ya kondoo. Shangazi yake naye akapiga baada ya nusu saa kuuliza ni mpumbavu gani aliyetoa ushauri huo.

"Kila mtu ananiambia kwa uhakika," anasema Isaya, akigonga rimu kwa nyundo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Wote wana uhakika isipokuwa mimi. Sielewi nimkasirikie nani. Mke wangu amemheshimu baba yangu. Ofisa anafanya kazi yake. Antonia aliandika alichoambiwa. Nikasirikie ndama?"

Mwandishi wa makala haya alimuuliza Kakenya swali ambalo huenda nawe msomaji unalo: si atamke tu mara moja, chumbani kwa wakili, mlango umefungwa? Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni. Nikaona aibu kwa kuuliza.

"Yule mzee alinipa ndama wakati sina mtu pale," alisema. "Nikilitaja jina lake, nitamwangalia aje? Hata kama hajasikia, mimi nitakuwa nimesikia."

Kisha akaniuliza yeye. Je, mwiko ni wa mdomo au na wa mkono? Kakenya alisoma hadi darasa la nane na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Akiandika hilo jina kwenye karatasi, bila kulisema, atakuwa amevunja heshima? Nilimwambia sijui. Isaya pia hajui. Antonia aliyekuwa amekuja kuomba radhi na chupa ya maziwa mtindi alisema kwao Endamarariek wana makatazo yao, hili hawezi kulisemea.

Mtu pekee wa kuulizwa alikuwa mwenye jina. Saa tano Isaya alimpigia baba yake. Simu iliita mara mbili ikakatika, maana kule mzee hulazimika kupanda kilimani kutafuta mtandao. Mara ya tatu ikapokelewa. Isaya akaweka sauti kubwa. Kakenya akainuka, akajitanda vizuri shuka lake, ingawa mkwe yuko mbali na hamwoni.

Waliongea Kimaasai na Isaya akanitafsiria. Mzee alisikiliza yote.

"Anasema hajui," Isaya akasema. "Anasema hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu zamani hakukuwa na mke anayejua kuandika."

Sauti ikaendelea upande wa pili, kisha Isaya akaangua kicheko, cha kwanza tangu nifike.

"Anasema yeye mwenyewe hajui kusoma. Hivyo hata Paashe, yaani mke wangu, akiliandika hapo mbele yake, hataona jina lake, ataona wino. Anasema aandike. Ila asimwachie mtu mwingine amwandikie, aandike yeye."

Kakenya alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kisha akamwomba Antonia karatasi, akageuka kuelekea ukutani na kuliandika jina kwa muda mrefu kuliko herufi zake zilivyohitaji. Alipomaliza aliikunja mara nne, akampa mumewe bila kuitazama tena.

Ruhusa ya mzee ipo. Ya wakili bado. Antonia amesikia kwamba wapo mawakili wanaokisoma kiapo wenyewe na mwapaji huitikia tu kwamba ni kweli. Clemensi amesikia kwamba lazima mwapaji asome kila neno kwa sauti. Mimi nimesikia yote mawili, na sitajifanya ninajua lililo sahihi. Jumatatu, watakapokwenda kwa wakili, ndipo watakapojua, na baada ya Jumatatu zitakuwa zimebaki siku tano.

Isaya ameshawaambia madereva wake kwamba siku hiyo hafungui. Nilipomuuliza anatumaini nini, alifikiri huku akiviringisha tairi kuelekea kwenye kompresa.

"Natumaini Jumanne nitafungua," alisema. "Ukipita ukanikuta naziba pancha, basi jua mama Sinyati amebaki. Ukikuta pamefungwa, niko njiani nawapeleka mpakani. Na hapo mpakani, ndugu mwandishi, wakishavuka, mimi sijui nitageukaje."