Shangazi yangu mfinyanzi alivyonitoa jasho mimi daktari wa homoni

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, sitii chumvi. Mimi ni daktari wa homoni.

Najua mnachowaza. Hata nyumbani Kyela wanawaza hivyo hivyo. Nimeshuka stendi tu, mzee mmoja mwenye duka la vitenge akanivuta pembeni: "Dokta, ile dawa yetu wazee, ya nguvu, umekuja nayo?" Nikamwambia natibu tezi, kisukari, mambo hayo. Akanipa pole.

Turudi kwenye mada.

Shangazi yangu anafinyanga vyungu kule Matema, vinagombaniwa sokoni Lyulilo. Akaanza kuvimba uso, sauti ikawa nzito, anavaa sweta kwenye joto lile la Kyela. Akawa anasinzia chungu kikiwa mikononi. Majirani wakasema karogwa.

Vipimo vikaonyesha tezi ya shingoni imechoka, homoni haitoshi. Nikafurahi (Mungu anisamehe), maana hiyo ndiyo fani yangu. Kidonge kimoja kila asubuhi, tumbo tupu.

Miezi ikapita, majibu yale yale. Nikapandisha dozi. Wapi! Nikapandisha tena.

Yote hayo kwa simu, mimi niko Dar.

"Shangazi, unameza?"

"Nameza."

"Tumbo tupu?"

"Tupu kabisa, mwanangu."

Nikashuku dawa feki, nikashuku maabara, nikamshuku hadi Shangazi. Halafu binti yake akanipigia: mama haamki vizuri, kufinyanga kaacha. Hapo nikaogopa kweli. Ugonjwa huu ukiachwa, mtu anaweza kulala asiamke tena. Nikapanda basi.

Asubuhi yake nikakaa namchungulia kama askari wa mpakani Kasumulu. Kidonge, maji, safi. Kisha akaja jirani na bonge la udongo mbichi. Shangazi akamega, akatia mdomoni, akatafuna, AKAMEZA. Akaja wa pili. Wa tatu.

Kumbe mikono ilichoka, ulimi haukuchoka! Wafinyanzi wote wa pale wanamletea udongo auonje, aseme kama utapasuka motoni.

"Shangazi! Si ulisema tumbo tupu?"

"Ee, sijala. Huu ni chakula? Hii ni kazi."

Wakuu, nilishika kichwa. Udongo unainasa ile dawa tumboni, haifiki kwenye damu. Mwaka mzima nilikuwa natibu udongo!

Nikarudisha dozi ya mwanzo, nikamwambia aonje mchana, tena ateme. Kutema aligoma, eti ladha yenyewe iko kooni. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akakubali.

Baada ya miezi miwili akanipigia mwenyewe, sauti imerudi, nyuma nasikia anawafokea wateja. Nikajisifu kidogo: "Umeona sasa faida ya kuwa na daktari kwenye ukoo?"

Akasema, "Ndaga, asante mwanangu. Lakini mwaka mzima unaniuliza nimekula nini, hukuniuliza nashinda nafanya nini. Ungekuja kunywa chai siku moja tu, ungeuona huo udongo."

Nilijisikia vibaya sana.

Nilichojifunza: kabla sijagusa dozi, sasa namwomba mgonjwa anisimulie asubuhi yake yote. Na Matema naenda, simu haitoshi.

Nanyi mnaowauguza wazazi kwa simu, mmekutana na vituko gani? Shusheni hapa.

Mzee wa vitenge, kama umo humu: sina.