Marahaba Kwenye Uwanja wa Ndege

Asubuhi moja ya masika haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa kesho unaanza kazi ya ulinzi pale uwanja wa ndege, kaa nikusimulie.

Leo unauona umejaa abiria na mabegi yao. Enzi zetu ulikuwa wa jeshi, raia hakanyagi. Siku hiyo mto Lumemo ulikuwa umefurika, barabara ya hospitali imemezwa na maji, na dada yangu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Tulimpakia kwenye baiskeli, mimi nasukuma, bibi yetu Tekla kamshika mgongo. Pakavu palibaki hapo tu, zinapotua ndege.

"Simama!"

Askari kijana, bunduki mkononi.

Bibi akamjibu kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hapo ndipo pa kusikiliza. Yule askari hakuwa ametoa shikamoo! Bibi aliitikia salamu ambayo haijatolewa. Kijana akababaika, akashusha bunduki.

"Shikamoo, bibi. Lakini hapa ni marufuku. Nitaadhibiwa."

"Najua, baba. Na huyu je?"

Akamtazama dada anavyogugumia. Akanipokonya baiskeli, akaisukuma mwenyewe hadi geti la pili, upande wa hospitali. Kesho yake tulimwona akifyeka nyasi peke yake juani, anatumikia adhabu. Niliona uchungu, nikalia. Bibi alimpitishia wali na kambale kwenye seng'enge. Jina lake hatukulijua.

Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Lakini yule hakuwa nyoka, mwanangu. Alikuwa mtoto wa watu, amri zimemfanya asahau salamu za kwao.

Basi mizigo kagua, sheria ni sheria, sikukatazi. Ila akija mzee wa Kisukuma na fimbo yake, au mama wa kijiji cha Uchindile ambaye hajawahi kupanda ndege, shikamoo itangulie, "simama" ifuate. Heshima si utumwa. Na mwenye shida ya kweli usimtazame tu, hata kama itakugharimu jua.

Baba yako mtaa mzima unamwita Marahaba, nawe umedhani ni utani. Ndiye aliyezaliwa siku ile.

Nenda, mjukuu wa dada yangu. Mungu akulinde getini, akupe na moyo wa yule askari.