Chakula cha Bibi Mariamu

Mwanangu, siku ya mwisho ya safari yetu ya Ujiji naikumbuka mpaka harufu ya samaki wake. Nilikuwa msichana wa shule hapa Baraka, upande huu wa ziwa. Huku walitawala Wabelgiji, ng'ambo Waingereza, kwa hiyo kuvuka ziwa kulikuwa kwenda nchi ya wengine, ingawa samaki walikuwa wale wale. Tulikwenda kuimba kanisani, na aliyetuongoza ni Mwalimu Elia. Kijana mzuri, ila siku zote alikuwa na haraka.

Huko alikuwapo mjane mmoja, Bibi Mariamu, mzaliwa wa Mboko, huku huku kwetu. Aliolewa na mvuvi wa Ujiji tangu usichana. Mume akafa, mtoto hakupata. Aliposikia tunaimba Kibembe, lugha ya kwao, alilia mbele ya watu wote. Akaomba atupikie kabla hatujaondoka.

Siku hiyo tulikuta ugali na migebuka vimeandaliwa uani kwake. Majirani walisimama milangoni kututazama sisi, watu wa kwao Bibi. Tukanawa. Bibi akamega, akala tonge la kwanza mbele yetu, kama ilivyo desturi, ili mgeni ajue chakula ni salama. Hapo hapo tukaitwa kutoka ufukweni: mashua inaondoka.

"Mama, tutakula siku ingine," Mwalimu akasema. "Mashua inatuacha."

Tukainuka. Mimi, nisikudanganye, niliondoka nikiwaangalia wale samaki.

Mzee Yakobo, shemasi wetu, alikuwa ametangulia kwenye mashua kulinda mizigo. Akauliza kama tumekula.

"Hatukukula, mzee," Mwalimu akajibu. "Saa haikutosha."

"Yeye alionja mbele yenu?"

"Alionja."

"Na bajirani banaona?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Basi mumemuharibia ule mama," Mzee akasema. "Iko peke yake kati ya bantu. Leo batoto ba kwabo banaona chakula yake, banakimbia. Kesho batasema chakula yake iko na sumu, batamuita mulozi, muchawi. Nani atamutetea?"

"Lakini mzee, bazazi banatungojea Baraka," Mwalimu akasema.

"Bangoje."

Mwalimu alishuka majini na viatu vyake vipya. Tukamfuata, Mzee akitupitishia mizigo. Mwenye mashua alitutukana, akaondoka zake, nami sikumlaumu.

Tulimkuta Bibi Mariamu ameketi pale pale, chakula hakijaguswa. Jirani mmoja alikuwa ameshamvuta mtoto wake ndani. Mwalimu akapiga magoti, akaomba msamaha kwa sauti ya kusikika hata nyumba za mbali, akamega tonge kubwa. Tukala wote hapo nje, watu wakiona, mpaka tukalamba vidole. Baadaye yule mtoto wa jirani akachungulia, akaja, akachovya mkono kwenye mchuzi wetu. Mama yake alimtazama tu, hakumwita. Bibi Mariamu akaingia kupika ugali mwingine. Nilimsikia akilia huko jikoni, na mwiko hausimami.

Tulivuka kesho yake. Mama yangu alikuwa amekesha ufukweni Baraka akiamini tumezama. Alinichapa kwanza, ndipo akanikumbatia. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na mpaka leo inaniuma. Lakini mama yangu alinipata tena. Bibi Mariamu, kama tungevuka siku ile, hangepata mtu wa kumrudishia jina lake.

Sasa nawe unasafiri na wenzako wa shule, mwanangu, na siku ya mwisho haraka itakuwa nyingi. Ukiandaliwa, kula, hata tonge moja, hasa kwa mtu asiye na wa kumsemea. Na kama umeshaondoka vibaya, rudi wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, usitume salamu. Mungu akufungulie milango huko uendako, akupe wenyeji wema, na kila mara akufikishe kwao ukiwa na njaa.