Ukungu Chini ya Kioo

Nichekeni tu, mimi machozi yameniishia. Miezi saba, kwenye maabara ya chuo, nimekuwa nikiotesha nyaya ndogo zisizoonekana kwa macho. Unalaza kipande cha kioo kwenye maji moto yenye zinki, unasubiri nyaya ziote kwenye kioo, kisha unakitazama kwa hadubini. Kila mara niliona kioo kitupu. Nililaumu dawa, nikalaumu stima kupotea. Mama, kule mtaa wa Huruma, aliniombea na kanisa zima. "Mungu ataotesha," akasema.

Jana nilimwambia msimamizi wangu, Daktari Mwende, kwamba naacha masomo. Akaniomba nioteshe mara ya mwisho, yeye akiona. Nilipotoa kioo majini, nikachukua pamba na kuanza kupangusa upande wa chini.

"Ngoja! Unapangusa nini?"

"Ni huu ukungu mweupe, daktari. Hushika hapa chini kila siku. Mimi nimelelewa na mama asiyetaka kuona glasi chafu."

Akaninyang'anya kioo, akakigeuza, akakiweka kwenye hadubini. Pale ambapo pamba haikuwa imefika, nyaya zilisimama wima kama shamba la mahindi.

"Otieno, hizi huota upande wa chini," akasema polepole. "Za miezi saba ziko wapi?"

"Ziko kwa pipa la taka, daktari."