Wakwe zangu wanasema namnyima mume wangu madafu kwa roho mbaya

Admini, naomba ulifiche jina langu, maana hapa Lamu ukipiga chafya Mkomani, Langoni washakuombea dua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni bara. Kazi ndiyo iliyonileta huku, nikampata mume, nikasilimu, na sijawahi kujuta. Mume wangu ni fundi wa kuchonga milango, maneno machache, mzaha mwingi. Leo ndoa yetu inavunjwa na madafu. Ndiyo, mmesoma sawa, madafu.

Mume wangu alikuwa na presha kwa muda mrefu. Akipewa dawa anameza mpaka ajisikie vizuri, halafu anaziacha, eti mtu mzima hali dawa kama chakula. Nikisema, ananiambia, "Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako." Mwaka jana miguu ikaanza kuvimba, uso ukawa umejaa kila asubuhi, akipanda ngazi anahema. Alipopimwa tukaambiwa figo zote mbili zimefeli. Sasa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki hapa mjini.

Muuguzi alitukalisha akatueleza taratibu, nami nikaelewa. Mkojo wake sasa ni kidogo mno, kwa hiyo akinywa maji mengi yanabaki mwilini na kupanda mpaka kwenye mapafu. Anywe kwa kipimo. Halafu akasema madafu asiguse kabisa, na ndizi pia, kwa sababu yana potasiamu nyingi. Figo nzima huitoa kwenye mkojo, lakini zake haziwezi, na ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama ghafla. Mume wangu alikuwepo, alisikia kila neno.

Sasa nyinyi mnaoijua Lamu mnajua mgonjwa hazuriwi mikono mitupu. Na kwa ugonjwa wa figo kila mtu anajua dawa yake, dafu, maana dafu linasafisha figo. Basi walikuja. Majirani, mafundi wenzake, jamaa kutoka kijijini kwao Chundwa. Daka langu, pale mlangoni wanapokaa wageni, likawa kama kibanda cha kuuzia madafu. Mimi napokea, nashukuru, wakiondoka nagawia watoto wa mtaani. Mama mkwe alipogundua alinijia juu. "Mwanangu yuwafa na kiu, nawe wamtazama kwa mato! Hii ni ndia gani ya kuuguza mtu?"

Mkubwa wao ni ami yake mume wangu. Huyu miaka ya nyuma alikuwa na jiwe kwenye figo, akanywa madafu kwa wingi, jiwe likatoka kwenye mkojo. Analo mpaka leo, kalihifadhi kwenye kichupa cha wanja. Alikuja nalo kwangu, akakitikisa kile kichupa mbele ya pua yangu. "Bi mwalimu, haya umeyasoma kitabu gani?" Nikamwambia, "Ami, wewe figo zako zilikuwa nzima, njia ndiyo iliyoziba. Maji yalipata pa kutokea. Huyu figo zenyewe hazifanyi kazi." Akacheka, akawageukia wenzake, "Yeye wa bara, mnazi ameuonea wapi?" Wote wakacheka. Nilitamani kukitupa kile kichupa baharini, na ninaandika haya bado natamani.

Jumatatu moja nilikwenda shule nikamwacha na wifi yangu. Niliporudi nilimkuta amelegea, mikono haina nguvu, anasema moyo unaruka ruka. Chini ya ngazi nikaona vifuu vya madafu vimefunikwa kwa gunia. Tulimpakia kwenye mkokoteni tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza amekula nini. Wifi yangu akainama. Nikasema mimi, "Madafu." Wakamchoma sindano, wakamuunganisha na mashine hapo hapo, na daktari akatuambia wote tukiwa tumesimama kwamba tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunazika.

Mnadhani walielewa? Alipoanza kukaa na kuongea, mama mkwe aliinua mikono akamshukuru Mola, kisha akanigeukia mimi: "Umeona? Dafu limeanza kuutoa uchafu, ndipo mwili ukatetereka. Na sasa kapona." Jamani! Nililia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Sasa ukoo umekaa na kukata shauri. Wanamchukua wamrudishe Chundwa akauguzwe na nduguze, kwenye minazi yao. Mashine Chundwa hakuna. Ili asafishwe itabidi apande bodaboda hadi Faza, kisha boti mpaka hapa, mara mbili kwa wiki, na mimi nawajua, akikosa mara ya kwanza watasema hana haja tena. Nikamgeukia mume wangu aseme neno. Aliangalia mikono yake, ile mikono iliyochonga mlango wetu, akaniambia kwa upole, "Mke wangu, nina kiu tangu mwaka jana. Wacha nende kwetu ninwe mai nitosheke."

Hilo ndilo lililoniua. Wao nawaweza, nitagombana nao mpaka kiama. Lakini yeye anajua, na bado anataka kwenda. Nampenda na nimemkasirikia vilevile.

Boti ni keshokutwa. Mama mkwe ameniambia nimfungie nguo zake, nami nimeziloweka zote kwenye beseni ili asiwe na cha kuvaa safarini. Nimebaki na ujinga kama huu. Jua la huku mnalijua, nikizianika kesho adhuhuri zitakuwa zimekauka. Nisaidieni, wenzangu, hasa mliowahi kuuguza mgonjwa wa figo. Nimzuie kwa nguvu anichukie akiwa hai, au nizianike hizi nguo?