Haluwa ya Mzee wa Bandari

Siku ile siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka najitukana mwenyewe. Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita ya kwanza imekwisha, ya pili bado. Mjomba wangu, Mzee Shomari, alikuwa na duka la kamba na matanga hapa hapa Kariakoo, mtaa wa Msimbazi. Nahodha mgeni akitaka mtu wa kumwonyesha njia, aliambiwa, "Nenda kwa Shomari." Neno lake lilitosha.

Basi akaja Mzungu mwenye mashua nyeupe ya matanga. Havui, hachuuzi, anazunguka pwani za watu kwa raha zake tu. Alitaka kupelekwa Bagamoyo, akipumzika bandari za njiani. Mjomba akanitaja mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na Bagamoyo nimekwenda mara mbili, zote nimelala juu ya magunia! Nikapokea kazi. Mdomo wa kusema "sijui" sikuwa nao.

Mjomba akanipa vikapu vitatu vya haluwa.

"Kila bandari ina mzee wake," akasema. "Simamisha mashua nje, nenda kwa mtumbwi, piga hodi, mpe haluwa. Atakupa mtu wa kukuingiza. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Nilisikia wapi! Tunapita Msasani, haluwa yote iko tumboni mwangu. Mtu wa mjini nikapige hodi kwa wavuvi? Ushamba gani huo!

Kunduchi tukaingia moja kwa moja, maji yanakupwa. Ufukweni mzee mmoja alikuwa amevua kilemba, anakipunga kwa nguvu zake zote. Mzungu akauliza ana nini. Nikamjibu, "Anatukaribisha, Bwana." Na mimi nikampungia! Lahaula! Nimesimama pale mbele, napunga mkono kama bwana harusi. Mara mwamba ukatukwaruza chini, mashua ikalala ubavu, maji yakaanza kuingia.

Waliotuokoa ni wavuvi wale wale. Waliziba ufa kwa pamba na mafuta, na maji yalipojaa wakaivuta mashua mpaka penye kina. Yule mzee akaniuliza kijana wa nani. Nikasema wa Shomari, wa Kariakoo.

"Shomari?" akasema. "Shomari hajatuletea mtu asiyepiga hodi."

Niliporudi, mjomba aliuliza kama wazee waliipenda haluwa. Nikamwambia niliila mimi. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Baadaye alikuja nahodha mwingine kutaka mtu wa kumwonyesha njia. Mjomba hakuinua hata uso, aliendelea kukunja tanga. "Simjui mtu," akasema. Na mimi nimesimama ubavuni pake.

Sasa wewe unafika mahali pa watu, hujui mlango wala dirisha, na kuuliza unaona haya! Unanichosha, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunja mashua ya mtu, na jina la mjomba wangu sikuweza kuliziba kwa pamba. Anayekudhamini amekuazima jina lake. Lirudishe kama ulivyopewa. Na ukifika kwa wenyewe, piga hodi, hata kama wamevaa matambara.

Mungu akupe ulimi wa kusema "sijui", akukutanishe na wanaojua. Na siku ukimwona mtu anakupungia kwa mbali, akujaalie akili ya kusimama kwanza. Amina.